Neno Ambalo Zablon Hawezi Kulitamka

Kompyuta ya Mwalimu Emiliana ilikuwa na kiburi. Ukiiwasha asubuhi ulikuwa na muda wa kufagia uwanja, kuchemsha chai, kuinywa, na kugombana na jirani aliyeacha mbuzi wake wazitafune alizeti ulizoanika, ndipo kioo kiwake. Na kikiwaka kilianza na malalamiko: mara nakala ya mfumo si halali, mara kuna virusi, mara nafasi imejaa. Mwalimu alikuwa akikitazama kwa jicho lile lile alilowatazamia wanafunzi watoro, lakini kompyuta haina aibu.

Alikuwa mstaafu pale Mlali, wilaya ya Kongwa. Wenzake waliostaafu naye walikaa barazani wakisubiri kadi za harusi. Yeye hapana. Shule nne za kata zilimletea mitihani ya kujipima ya darasa la saba, akaichapa, akaitoa kwenye printa, akaifunga kwenye bahasha kwa mikono yake mwenyewe. Walimu wakuu walimwamini, kwa kuwa mtihani ukishaingia nyumba ile hautoki mpaka siku yake. Kazi hiyo ndiyo iliyomwamsha alfajiri. Aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri, na aliogopa sana siku ambayo wangemwambia, "Mwalimu, sasa pumzika."

Kwa hiyo binti yake Erica aliposema kuna dawa, alisikiliza.

"Zablon anasema kompyuta yako haina ubovu, mama," alisema Erica. "Kibovu ni ule mfumo unaoiendesha, maana uliwekwa kiujanjaujanja na fundi asiyejulikana. Anataka aung'oe, akuwekee Linux. Huo ni mfumo huria. Umetengenezwa na watu wengi, wa nchi nyingi, na yeyote anaruhusiwa kuutumia, hata kuufungua ndani aone ulivyoundwa."

"Na bei?"

"Hakuna bei."

"Hee! Watu wazima na akili zao watengeneze kitu, halafu wanipe bure mimi wa Mlali? Wananijua?"

"Hawakujui, mama. Ndiyo maana ya huria."

Mwalimu aliguna. Hakuridhika hata kidogo, ila malalamiko ya kioo yalikuwa yamemchosha. Akaifunga kompyuta kwenye kanga, akampa Erica aipeleke Kibaigwa alikokuwa akiishi na huyo Zablon, mumewe.

Sasa hapa lazima nisimame nieleze jambo, kwa faida ya wale ambao hawajawahi kuoa Ugogo. Zablon alikuwa mkwe. Mkwe aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mama mkwe wake, hali naye sahani moja, hakai naye chumba kimoja wakapiga soga. Na jina la mama huyo halitamki. Akilitamka ameivunja heshima, na heshima ikivunjika lazima kuku au mbuzi ahusike. Vijana wengi siku hizi wanalegeza, utawakuta mjini wamekaa na mama wakwe zao kwenye kochi moja wanatazama tamthilia. Zablon hakuwa wa hivyo. Alikuwa amesomea kompyuta chuo kikuu pale Dodoma, lakini kwenye ukwe alikuwa mzee wa zamani. Na Mwalimu Emiliana, ambaye alimsumbua kila mtu, kwa hilo alimheshimu kimyakimya.

Basi hebu fikiria mwenyewe somo la kompyuta kati ya watu wawili hao!

Jumapili iliyofuata kompyuta ilirudi, mume na mke wakaja nayo. Mwalimu aliketi ndani, mezani, karibu na dirisha. Zablon aliketi nje kwenye kigoda, mgongo wake ukielekea lile dirisha, uso wake ukitazama zizi. Erica alikaa kizingitini, katikati yao, akimenya karanga.

"Mwambie mama abonyeze kitufe cha kuwashia," alisema Zablon, kwa sauti ambayo hata mbuzi waliisikia.

Mwalimu hakugusa kitu. Alingoja.

"Mama, ubonyeze kitufe cha kuwashia," alisema Erica.

"Haya." Akabonyeza. Kabla hajafunga vizuri kanga yake, kioo kilikuwa kimewaka, kisafi, na maneno yote ya Kiswahili. Alishtuka, akajikaza uso usionekane umeshtuka.

"Mwambie mbona kimewaka upesi hivi. Amekiacha nusu?"

"Mwambie mama kimekamilika."

"Na hili bata gani hapa pembeni, nene hivi?"

"Mwambie ni ndege wa nchi za baridi. Ndiyo alama ya mfumo wenyewe. Haumi."

Erica alicheka mpaka karanga zikamwagika. Lakini somo halikuwa la kuchekesha muda wote. Mwalimu aliitafuta ile diski aliyozoea kuhifadhia kazi zake, ile yenye herufi C, hakuiona. Miaka yote ya mitihani ilikuwa humo. Alisimama.

"Mwambie amezipeleka wapi kazi zangu!"

"Mwambie mama zipo zote. Nilizinakili kabla sijagusa kitu. Huku hakuna diski C. Kila kitu kiko chini ya shina moja, halafu yanatoka matawi. Aende kwenye tawi lililoandikwa Nyumbani."

Akaenda Nyumbani. Akazikuta zimekaa kwa utaratibu, shule kwa shule, mwaka kwa mwaka, kuliko alivyokuwa amezipanga yeye. Akakaa tena. Hakusema asante. Alimwambia Erica amwambie mumewe kwamba jikoni kuna ugali wa uwele na mlenda, na asiondoke kabla hajala. Zablon alielewa.

Masomo yakaendelea hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Mwalimu alizoea programu mpya ya kuchapia, akaitukana, akaizoea zaidi. Alijifunza kwamba vitu vipya huvipakua kutoka ghala moja la mfumo wenyewe, wala haendi kuviokota mitandaoni ovyo. Neno la siri hakuwahi kuulizwa. Zablon alikuwa ameipanga kompyuta ijifungue yenyewe inapowashwa, na pale panapohitajika ruhusa kubwa, kama vile kuongeza kifaa kipya, Erica aliibeba mpaka Kibaigwa mumewe akamalizana nayo huko. Mwalimu hakujua hata kama hilo neno lipo.

Mpaka ilipokuja ile Alhamisi ya Agosti.

Upepo ulikuwa ukitimua vumbi tangu asubuhi. Printa ya zamani ilikuwa imekufa wiki hiyo, na Mwalimu Nathanaeli, mkuu wa shule jirani, alikuja na mpya juu ya bodaboda, ameikumbatia kwa mikono yote miwili. Alikuwa mtu mnene, mwenye suti, mpole. Mwalimu Emiliana alimfundisha darasa la tatu, na hadi leo mkuu huyo alimwamkia akiwa ameinama kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Iweke hapo. Umechelewa."

"Nisamehe. Mtihani ni kesho asubuhi, shule zote nne. Bodaboda watapita kuchukua bahasha kabla jua halijazama." Alisita, akafuta vumbi usoni. "Mwalimu, nikwambie ukweli. Afisa elimu kata amesema tukikwama safari hii, kazi inahamia kwenye steshenari ya Kibaigwa moja kwa moja. Anasema umri wako…"

"Umri wangu umefanyaje?"

"Hakuna, mwalimu."

Mwalimu Emiliana alichomeka printa. Akafuata hatua moja moja, hana wasiwasi. Kompyuta ikaitambua printa, ikataja hata jina lake, na Mwalimu akamtazama Nathanaeli kwa majivuno ya wazi kabisa. Kisha kijisanduku kikajitokeza katikati ya kioo. Kiliandikwa: Ingiza nywila ili kuruhusu mabadiliko haya.

"Nywila?" alisema Mwalimu. "Neno gani hilo la siri?"

Akajaribu Mlali. Zikatokea nukta, kisha kijisanduku kikakataa. Akajaribu Erica. Kikakataa. Akajaribu mwaka aliozaliwa, jina la marehemu mumewe, jina la mfumo wenyewe. Kikakataa vyote.

Alimpigia Erica, ambaye wiki hiyo alikuwa Chemba kwenye mafunzo ya wauguzi.

"Mama, mimi silijui," alisema Erica kwa kunong'ona, inaelekea alikuwa amechomoka ukumbini. "Ngoja nimpigie Zablon, yuko Bahi kikazi."

Wakangoja. Simu ikarudi.

"Mama, nimempata. Anasema anaomba radhi sana, ila hilo neno hawezi kulitamka."

"Hawezi kulitamka? Ni tusi?"

"Sijui, mama! Nimembembeleza, amekuwa bubu. Anasema anapanda pikipiki sasa hivi aje aliandike mwenyewe."

"Kutoka Bahi? Atafika jua limezama! Aliandike kwenye ujumbe basi."

"Nimemwambia. Anasema kuliandika likaonekana ni sawa na kulitamka. Mama, wananiita ndani. Namba yake anayo Mwalimu Nathanaeli."

Simu ikakatika. Mwalimu Emiliana alikasirika kweli kweli. Miezi yote amemheshimu huyu kijana, kumbe alikuwa akimcheka! Ameweka uchafu gani ndani ya kompyuta yake, wa kumfanya ashindwe hata kumwambia mkewe? Na yeye anaikalia kila siku, anachapia mitihani ya watoto humo.

"Mpigie," alimwambia Nathanaeli. "Mimi siwezi kuongea naye, unajua mwenyewe. Ongea wewe. Weka sauti ya nje."

Masikini Nathanaeli! Mkuu wa shule mzima, na suti yake, akasimama katikati ya chumba amenyoosha simu kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Haloo, Zablon. Niko na, ee, niko kwa mama. Anasikia."

"Shikamoo yake mfikishie," ilisema sauti ya Zablon. Upepo ulivuma kwenye simu hiyo pia.

"Marahaba yangu mpe," alisema Mwalimu kwa ukali. "Na umwambie mimi nimefundisha miaka mingi. Nimesoma kila neno linaloandikwa kwenye ukuta wa choo cha wavulana. Hakuna neno litakaloniua. Aliseme."

Nathanaeli alifikisha, akiruka ile sehemu ya choo.

"Mwambie mama si tusi. Haki ya Mungu si tusi." Zablon alivuta pumzi. "Mwambie nilipokuwa nasoma, mwalimu wetu alitufundisha kwamba neno la siri zuri ni lile ambalo hakuna mtu atakayelisikia kinywani mwako, hata ukiwa umelewa, hata ukiwa usingizini. Nikatafuta neno la namna hiyo. Kwangu mimi lilikuwepo moja tu. Nikaona hakuna kosa, maana kwenye kompyuta ukiliandika halionekani, linageuka nukta."

Mwalimu Emiliana alimtazama Nathanaeli. Nathanaeli, ambaye naye ni Mgogo na ana mama mkwe wake huko Mpwapwa, aliinamisha macho sakafuni. Alikuwa ameshaelewa.

"Ni jina langu," alisema Mwalimu polepole.

Hakungoja jibu. Akaandika Emiliana. Nukta zikajipanga. Kijisanduku kikakataa.

"Limekataa!" alipiga kelele, akasahau kabisa kwamba haongei na mkwe. Nathanaeli akarudia haraka haraka, "Limekataa, anasema limekataa."

Upande wa pili Zablon alikohoa, akakohoa tena.

"Mwambie mama," ilisema sauti, sasa ya chini, "silo lile la ubatizo. Siku nilipokuja na wazee kutoa posa, bibi yake Erica, mzaa mama, alikuwa bado hai. Alikuwa amelala chumba cha ndani, haoni tena. Tulikuwa tumekaa barazani, akaita kutoka humo ndani, akaomba maji. Mama akaitika, akaenda. Jina aliloita bibi ndilo hilo. Herufi ndogo zote."

Nathanaeli alifungua mdomo afikishe ujumbe. Mwalimu alimwonyesha kiganja, nyamaza.

Alikuwa akiitazama ile siku. Mama yake alikufa mvua za kwanza zilipoanguka, baada ya posa ile. Baba alikuwa ametangulia, kaka zake pia. Mumewe, Mungu amlaze pema, alimwita Mama Erica tangu mtoto azaliwe. Kijiji kizima, na hata mchungaji, walimwita Mwalimu. Tangu walipomzika yule bibi kipofu, hapakuwa na mtu duniani wa kumwita jina lile, na hakuwahi kumweleza yeyote kwamba analikosa. Angemweleza nani, na angesemaje? Mtu mzima analia kwa sababu haitwi.

Akasogeza kiti. Akaandika, kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine: sechelela. Kwa Kigogo maana yake ni furahi. Kioo hakikuonyesha chochote ila nukta. Akabonyeza.

Kijisanduku kikatoweka. Printa ikanguruma, ikajinyoosha, ikavuta karatasi ya kwanza.

"Imekubali," Nathanaeli aliiambia simu, akiwa karibu kuruka. "Zablon, imekubali! Rudi kazini kwako, baba."

Kisha akageuka amwambie mwalimu wake hongera, akaona mashavu yake yamelowa, akajua si mahali pake. Akatoka nje kwenda kuwatazama mbuzi. Mwalimu alilia mpaka alipotosheka, kisha akajipangusa kwa upindo wa kanga akaanza kuhesabu karatasi. Bodaboda walipofika, bahasha zote nne zilikuwa zimefungwa na kugongwa mhuri. Nathanaeli alipozipokea aliinama kidogo zaidi ya kawaida. Alisema atampigia afisa elimu kata usiku huo huo, amweleze kwamba habari ya Kibaigwa isahaulike.

Jumapili Zablon na Erica walikuja. Zablon alikuwa na jogoo mwekundu kwapani, amefungwa miguu. Aliketi kwenye kigoda, mgongo kwa dirisha, jogoo mapajani, na shingo ameikaza kama anayesubiri kuchapwa.

"Mwambie mama nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nimelitumia jina ambalo sikupaswa kulitumia. Mwambie leo nitamwelekeza alibadilishe, aweke analolipenda yeye, mimi nisilijue."

Erica alifikisha. Zablon akammeza jogoo kwa macho kwa kukosa pa kutazama.

"Mwambie jogoo nimempokea," alisema Mwalimu hatimaye. "Afunguliwe miguu, ni wa kufuga. Na jina lisibadilishwe."

"Mama anasema lisibadilishwe."

"Tena mwambie kuna kitu sikipendi kwenye hii kompyuta yake. Inajifungua yenyewe tu, hata haiulizi. Nataka kila ninapoiwasha iniulize."

Zablon alikaribia kugeuka. Alijizuia katikati, akabaki anatazama ukuta wa zizi.

"Mwambie mama, kila siku? Itamchosha. Ndiyo maana niliizima."

"Mwambie kila siku."

Basi likawa ndilo somo la Jumapili hiyo. Mwambie mama afungue Mipangilio. Mwambie aende kwenye Watumiaji. Mwambie azime pale palipoandikwa kuingia bila kuulizwa. Mwalimu alifanya yote kwa mkono wake, akiuliza mara mbili kila hatua, mwanafunzi mtiifu kuliko wote aliowahi kuwa nao mwenyewe. Kisha akaizima kompyuta, akaiwasha upya.

Kioo kikawaka na kijisanduku kimoja tu katikati, kitupu, kinangoja. Akaandika. Nukta zikajipanga moja moja, na alipobonyeza, ndani ya kile chumba, kwa sauti nyembamba ambayo Erica hakuwahi kuisikia kwa mama yake, akaitika.

"Abee."

Erica aliinua uso kutoka kwenye karanga zake. "Nani kakuita, mama?"

Mwalimu alikuwa ameshafungua mtihani wa hesabu. Nje, Zablon alikuwa amekaa na mgongo wake dirishani, ameinamia miguu ya jogoo, akihangaika na fundo la kamba ambalo alikuwa amelifunga mwenyewe na sasa halioni vizuri.